Watoto wetu wanaosoma kompyuta: chombo wanachoandikia kinawafundisha nini?



Siku hizi ni nadra kukuta nyumba ya kwetu isiyokuwa na kijana anayesoma kompyuta. Zamani kila mzee alitaka daktari au injinia. Leo ukimuuliza binti aliyemaliza skuli anataka kusoma nini, jawabu ni kuandika programu. Wazee wanalipa ada, wananunua kompyuta ya mkononi ya bei ghali, na usiku wanamuona mtoto amekodoa macho kwenye skrini nyeusi yenye maandishi ya rangi rangi. Na kwa kuwa wanajua nilisomesha hesabu miaka mingi, wananiuliza: "Mwalimu, hivi huyu anaandika mwenyewe au kompyuta inamwandikia?"

Swali hili lina uzito. Kijana akienda kwenye usaili wa kazi, mara nyingi atapewa tatizo aeleze mbele ya watu jinsi atakavyolitatua, na pale chombo chake cha nyumbani hakipo. Pesa za ada na miaka minne ya ujana vinapimwa kwa nusu saa hiyo. Kwa hivyo hebu tuliangalie jambo lenyewe tangu asili yake.

Kwanza tuelewane. Programu ya kompyuta ni maandishi tu, mistari kwa mistari, yanayoiambia mashine ifanye nini. Vijana wenyewe huyaita "kodi", na si ile kodi ya nyumba tunayomlipa mwenye jengo. Mahali wanapoyaandikia panaitwa edita. Hiyo ndiyo kalamu na daftari lao, na kuna edita za kila namna. Wenyewe wamekuwa wakibishana miongo mingi ipi ni bora, kama watu wa timu mbili za mpira. Ubishi huo sisi tuwaachie. Linalotuhusu ni kila kalamu inamzoesha mwandishi wake kufikiri vipi.

SIKU ZA KADI

Miaka ya 1960 mwandishi wa programu kwa kawaida hakuwa akikaa mbele ya kompyuta. Aliandika kwa kalamu kwenye karatasi, kisha maneno yale yakatobolewa kwenye kadi ngumu, kila kadi mstari mmoja usiozidi herufi 80. Rundo la kadi likapelekwa kwa watumishi wa chumba cha mashine, na majibu yakarudi yamechapwa baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake. Ukisahau koma moja, siku imekwenda. Na rundo likikuponyoka likatawanyika sakafuni, kazi yako ni kuchutama na kuzipanga upya kadi moja moja.

Mtu wa hali ile alijifunza kufikiri kabla ya kuandika, kwa sababu kosa lilikuwa ghali. Aliipitia programu kichwani, mstari kwa mstari, akijifanya yeye ndiye mashine. Mazoea hayo wengine hawakuyaacha hata skrini zilipoingia. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipotengeneza programu ya TeX mwishoni mwa miaka ya 1970, aliiandika kwanza kwa penseli kwenye karatasi, miezi kadhaa, kabla ya kuijaribu kwenye mashine. TeX hiyo mpaka leo inatumika kupanga vitabu vya hesabu duniani. Mwenzake Mholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika makala zaidi ya 1,300 kuhusu fani hii, nyingi kwa kalamu ya wino, na alishikilia kwamba vyombo tunavyotumia vinabadilisha mazoea yetu ya kufikiri.

Lakini tusiyatamani sana ya kale. Siku nzima kwa koma moja ni umri wa mtu unaopotea. Hakuna mwandishi wa programu mwenye akili timamu anayetaka kurudi kwenye kadi.

WAYA MWEMBAMBA ULIOZAA LUGHA

Mwaka 1976 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Bill Joy, alianza kutengeneza edita iliyokuja kujulikana kwa jina fupi la vi. Alikuwa akifanya kazi nyumbani, kompyuta iko mbali, na vimeunganishwa kwa laini ya simu inayopitisha herufi kama 30 tu kwa sekunde. Piga hesabu: skrini ya mistari 24, kila mstari herufi 80, ni herufi 1,920. Kuijaza skrini moja tu ni zaidi ya dakika nzima.

Kwa shida ile ilibidi amri ziwe fupi mno, herufi moja moja. Na hapo pakatokea jambo ambalo mwalimu yeyote wa lugha atalipenda. Amri zile zinaungana kama sarufi. Ipo herufi ya "futa", ipo ya "badilisha", ipo ya "neno", ipo ya "mstari". Unaziunganisha, ukitaka unatia na namba katikati: futa, tatu, neno. Basi, maneno matatu yametoka. Aliyezoea edita hii haoni tena herufi moja moja kwenye skrini. Anaona maneno, sentensi na aya, na anaziamrisha hivyo. Shida ya waya mwembamba imeondoka zamani, lakini namna ile ya kufikiri imebaki kwa watu wasiowahi kuuona waya huo.

Edita hiyo ina mtoto wake anayeitwa Vim, aliyetolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar wa Uholanzi. Na hapa khabari inafika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye kituo cha watoto, eneo ambalo ukimwi ulikuwa umeacha mayatima wengi. Alifanya kazi ya maji na usafi. Aliporudi kwao aliendelea kuigawa programu yake bure, na kwa miaka mingi mtu yeyote duniani akiifungua, kwenye skrini ya kwanza anakuta maneno machache yanayomwomba awasaidie watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Maelfu ya waandishi wa programu wa Marekani, India na Ujapani walilijua jina la Uganda kupitia kalamu yao ya kazi.

ANAYEANDIKA BILA KUONA

Mwaka ule ule wa 1976, kwenye taasisi ya MIT, Marekani, ilianza edita nyengine, Emacs, kazi ya Richard Stallman na wenzake. Fikra yake ilikuwa tofauti: mtumiaji aweze kuibadilisha edita yenyewe apendavyo. Yaani useremala na kutengeneza randa yako mwenyewe vinakwenda pamoja.

Faida ya uhuru huo inaonekana kwa T. V. Raman, mzaliwa wa India aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 14. Alisoma mpaka akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Cornell, na mwaka 1995 akatoa Emacspeak, inayoifanya Emacs iseme. Vyombo vingi vya wasioona husoma tu kilichoandikwa kwenye skrini, kutoka kushoto kwenda kulia. Chake kinajua maandishi yale ni ya aina gani, kwa hivyo maelezo ya pembeni yanasomwa kwa sauti moja na amri kwa sauti nyengine. Mwenye macho anatofautisha kwa rangi, yeye anatofautisha kwa sikio. Kwa mtu kama huyu chombo kizuri ndiyo mlango wenyewe wa kazi. Mzazi mwenye mtoto asiyeona asimkatie tamaa kwenye fani hii.

MASHINE INAPOJIBU PAPO HAPO

Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal, kwa dola 49.95, wakati ambapo vyombo vya namna hiyo viliuzwa kwa mamia ya dola. Aliyeiandika ni Mdenmaki, Anders Hejlsberg. Kabla yake uliandika kwenye programu moja, ukatoka, ukaita nyengine iyageuze maandishi yako yawe lugha ya mashine, ukangoja, ukarudi kurekebisha. Turbo Pascal iliviweka vyote pamoja, na jibu likaja kwa sekunde chache, likikuonyesha pale pale penye kosa.

Tazama lilivyobadilika tendo la kufikiri. Yule wa kadi alifikiri sana akajaribu mara moja. Huyu anajaribu, anaona, anarekebisha, anajaribu tena. Ni kama mpishi anayeonja mchuzi kila dakika, na yule anayeujua kwa harufu tu. Wote wanaweza kupika vizuri. Lakini anayeonja bila kujua anatafuta ladha gani atatia chumvi, atatia ndimu, atatia chumvi tena, mpaka sufuria liharibike.

Leo chombo kinachotumiwa na wengi ni Visual Studio Code ya Microsoft, kilichotoka mwaka 2015 na kinapatikana bure. Kwenye uchunguzi wa maoni uliofanywa na Stack Overflow mwaka 2023, zaidi ya asilimia 70 ya waliojibu walisema wanakitumia. Ukianza kuandika jina la kitu, kinakumalizia. Ukikosea, kinakupigia mstari mwekundu. Hili ni jema: kichwa hakibebi tena maelfu ya majina, kinabaki na nafasi ya kufikiria tatizo. Lakini kijana anaweza kuchagua jina kwenye orodha kwa sababu tu ndilo lililotangulia, bila kujua linafanya nini.

Kipo pia chombo kinachotunza kila hatua ya kazi, Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Ukiharibu, unarudi ulipokuwa jana. Hiki kimewaondolea watu woga. Mwenye hakika ya kurudi nyuma hujaribu mambo ambayo mwenye kadi hangethubutu.

KIARABU KINAPOGEUKA NDANI YA MSTARI

Liko jambo ambalo sisi tunaoandika Kiarabu tutalifahamu upesi. Msimbo wa programu huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, na Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Ili vyote viwili vikae kwenye mstari mmoja, zimewekwa alama maalumu zisizoonekana, zinazoiambia skrini igeuze mwelekeo.

Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Nicholas Boucher na Ross Anderson, walionyesha hatari yake. Mtu mbaya akizificha alama hizo ndani ya msimbo, msomaji ataona kwenye skrini mpangilio mmoja wa maneno, na mashine itasoma mpangilio mwengine. Unaangalia mstari unaosema mlango umefungwa, kumbe mashine imesoma umefunguliwa. Baada ya khabari hiyo kutangazwa, edita kadhaa ziliongezewa onyo la kumzindua mtumiaji. Lakini somo limebaki: tunachokiona ni kile alichochagua mtengenezaji wa chombo kutuonyesha. Kijana anayejua Kiarabu, aliyezoea mstari kugeuka, ana sababu ya kulielewa jambo hili kabla ya wenzake.

AKILI BANDIA IMEINGIA

Sasa tufike kwenye swali la wazee. Mwaka 2021 ilitolewa kwa majaribio GitHub Copilot, chombo cha akili bandia, wengine siku hizi husema akili mnemba, kinachokaa ndani ya edita. Unaandika sentensi moja ya unachotaka, chenyewe kinakuandikia mistari kumi. Mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, na tangu hapo mwanafunzi anaweza kuomba programu nzima akapewa.

Je, kinaharakisha kazi? Kwenye jaribio moja, waandishi 95 walipewa kazi ndogo inayofanana, wengine wakiwa na Copilot na wengine bila. Wenye chombo waliimaliza kwa muda pungufu kwa karibu asilimia 56. Baadhi ya watafiti walikuwa wa kampuni zenye chombo hicho, lakini hesabu zao wameziweka wazi.

Sasa sikiliza la pili. Mwaka 2025 taasisi ya METR ilichukua waandishi 16 wenye uzoefu, kila mmoja akifanya kazi kwenye mradi mkubwa aliouzoea kwa miaka. Kazi zilikuwa 246, nyengine zikaruhusiwa akili bandia na nyengine zikakatazwa. Kabla ya kuanza, waandishi walikadiria chombo kitawapunguzia muda kwa asilimia 24. Saa ikasema vyengine: walipokitumia walichukua muda zaidi kwa asilimia 19. Na kioja ni kwamba baada ya kumaliza, bado waliamini kimewapunguzia muda kwa asilimia 20.

Majaribio haya mawili hayapingani. Kazi ya kwanza ilikuwa ndogo, mpya, ya kuanzia sifuri. Ya pili ilikuwa kwenye majengo makubwa yenye vyumba mia, ambayo mwenyeji anavijua vyote na mgeni anajigonga kila kona. Hapo kusoma na kusahihisha alichoandika mgeni kunakula muda kuliko kuandika mwenyewe. Watafiti wenyewe wametahadharisha kwamba matokeo ni ya watu hao na vyombo vya wakati huo, na vyombo vinabadilika kila mwezi. Lakini lile la mwisho lisitupite: watu wazima, mabingwa wa kazi yao, hawakuweza kujua kwa hisia zao kama wanakwenda mbio au wanachelewa. Vidole vilikuwa vyepesi, wakadhani na kazi imekuwa nyepesi. Kama mabingwa wamedanganyika hivyo, mtoto wa mwaka wa kwanza atajuaje?

LOGI NA KALKULETA

Tuliosoma skuli za misheni zama zetu tunavikumbuka vile vitabu vyembamba vya jedwali za logi. Ukitaka kuzidisha namba kubwa unafungua jedwali, unajumlisha, unarudi kwenye jedwali. Lakini jedwali halikukwambia nukta ya desimali inakaa wapi. Hilo ulilijua mwenyewe, kwa kukadiria kwanza jawabu liko kwenye makumi au kwenye maelfu.

Nimesomesha wanafunzi wa logi na nimesomesha wanafunzi wa kalkuleta. Wa kalkuleta walikuwa wepesi zaidi, hilo halina ubishi, na walipata nafasi ya kufanya hesabu ngumu ambazo wa logi hawakuzifikia. Lakini mara nyingi niliona kwenye karatasi ya mtihani urefu wa mlango ni mita 210, na mwandishi wake hakushituka. Kalkuleta haikumzuia kukadiria. Ilimuondolea tu ulazima wa kukadiria, na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyemdai kitu hicho, akakiacha. Waliokadiria kwanza kisha wakabonyeza walipata faida ya pande zote mbili.

Ndivyo ninavyoliona suala la vijana wetu. Kila chombo kinakuondolea kazi fulani. Kadi zilimlazimisha mtu kufikiri mbele, Turbo Pascal ikamuondolea kungoja, edita za leo zimemuondolea kukariri majina, na akili bandia inamuondolea kuandika kwenyewe. Mwenye kujua kilichoondolewa anaweza kukifanya kwa hiari yake pale kinapohitajika. Asiyewahi kukifanya hana cha kurudia.

WAZEE TUFANYE NINI?

Kukataza hakufai, na wala hakuwezekani. Makampuni mengi yanataka wafanyakazi wanaojua vyombo hivi, na kijana tutakayemnyima atatoka chuoni amechelewa. Huhitaji kuijua kompyuta ili umsaidie mwanao. Mambo manne yanatosha.

Kwanza, mwambie akueleze. Akimaliza kazi ya chuo, kaa naye wakati wa chai ya jioni, umwambie: "Haya mwanangu, mstari huu unafanya nini? Na ukiutoa, patatokea nini?" Wewe hutaelewa yote, na si lazima. Utamsikia sauti yake. Anayejua ataeleza hata kwa mfano wa foleni ya mkate. Asiyejua atakwambia, "Mama, haya ni mambo ya kompyuta, huwezi kuyafahamu."

Pili, aanze kwenye karatasi. Kabla ya kufungua skrini, achore kwa penseli anachotaka kukifanya, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, Kiarabu au Kiingereza, vyovyote. Dakika kumi zinatosha.

Tatu, siku moja katika wiki aandike bila msaidizi. Azime akili bandia, abaki na edita tupu na kitabu. Itamuuma mwanzoni, lakini siku ya usaili atakuwa amekwisha kuuzoea upweke ule.

Nne, apime kwa saa. Kabla ya kazi aandike anatarajia kutumia muda gani, baadaye aandike uliotumika kweli. Mabingwa wale 16 wametuonyesha kwa nini.

Na kijana akishindwa kukueleza kazi yake, usimgombeze wala usimtishe kwa ada uliyolipa. Mwambie aifute sehemu ile aliyoshindwa, aiandike tena polepole kwa mkono wake, halafu aje jioni ya pili akueleze. Chai ipo.